Kabla ya Kupiga Window Upya

Haya niliyazungumza Tanga mbele ya mafundi wa kompyuta na walimu wa shule za sekondari. Nimeyaandika karibu na nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mlio mafunzoni, habari za asubuhi.

Nianze na mwalimu mmoja. Alikuja kibandani kwangu Ngamiani siku ya mvua, laptopu yake ameifunga kwenye mfuko wa rambo mara mbili isilowe. Ilikuwa imegoma kuwaka, akaipeleka kwa fundi, na fundi akamwambia maneno ambayo kila mmoja wetu humu ndani ameshayasema: "Iache hapa, njoo saa kumi, nitakupigia window upya," yaani atafuta kilichomo na kuweka Windows mpya. Saa kumi ikafika, mashine ikawaka, mwalimu akalipa, akaondoka na furaha. Alipofika nyumbani akaitafuta folda ya alama za kidato cha nne. Haipo. Mitihani aliyoitunga kwa miaka mitatu, haipo. Picha za mazishi ya mama yake, hazipo.

Aliniomba nimrudishie. Nilikaa na ile diski siku mbili, nikapata picha kumi na moja, nyingine zimekatika nusu. Alama sikuzipata.

Lakini kuna neno alilolisema wakati ananipa mkono wa kuaga, na ndilo lililonileta hapa leo. Alisema: "Siku ilipogoma kulikuwa na maandishi meupe kwenye kioo. Nilimwonyesha fundi. Hakuyasoma."

Mimi pia nimewahi kutoyasoma. Miaka yangu ya kwanza kazini, maandishi meupe juu ya kioo cheusi yalikuwa na maana moja tu: toa flashi, piga window. Yalikuwa ya Kiingereza, yalikuwa mengi, na mteja alikuwa amesimama. Leo nawaomba tuache desturi hiyo, na nitawaambia kwa nini mfumo huria, Linux, unaoendesha kompyuta kama Windows ila maandishi ya programu zake yako wazi kwa kila mtu, ndio ulionifundisha kuiacha.

Kwanza tuseme kwa nini tunalizungumza sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, yale masasisho ya bure ya usalama ambayo kila mtu alikuwa anayapata. Windows 11 nayo inadai vitu ambavyo mashine nyingi za mtumba mitaani kwetu hazina: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa jumla, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Sasa fungueni laptopu zilizopangwa kwenye meza za wauzaji wetu. Kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Kioo kizima, kibodi nzima, zingine zinatoka maofisini Ulaya zikiwa hazina hata mchubuko. Kuzitupa ni hasara ambayo mzazi wa Tanga hawezi kuibeba, na kuziacha na mfumo usiopata tena kinga ni kumwachia mwizi mlango wazi. Linux inazifaa mashine hizi, na haina leseni ya kununua wala kuiba.

Historia nitaipitia haraka, kwa sababu inaeleza tabia ya kitu chenyewe. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka programu ambazo mtu anaweza kuzifungua, kuzisoma, kuzirekebisha na kumpa jirani. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kerneli, yaani kiini kinachozungumza na prosesa, kumbukumbu na diski. Vitu hivyo viwili vikakutana. Mwaka 1993 ikaanza Debian, mfumo kamili unaoviweka pamoja. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu iliyojengwa juu ya Debian, na mwaka 2006 ikaja Linux Mint ikijengwa juu ya Ubuntu.

Neno Ubuntu halitaki mkalimani kwetu. Mzulu anasema umuntu, abantu, ubuntu. Sisi tunasema mtu, watu, utu. Na Ubuntu ya miaka ile iliishi jina lake: mpaka mwaka 2011 ulikuwa unaomba sidii, nao wanakutumia kwa posta bila kulipia hata nauli. Yangu niliikuta kwenye sanduku la posta, bahasha ya kadibodi, ndani yake kuna mfumo mzima wa kompyuta. Nilikuwa kijana asiye na hela ya intaneti ya kupakua hata robo ya kitu kile. Sijasahau.

Sasa twende mezani.

Mteja akileta laptopu ya RAM ya GB 4, mimi namwekea Linux Mint, toleo jepesi liitwalo Xfce. Wengi wenu mtasema Ubuntu ndiyo yenye jina. Ni kweli, nami naipenda, lakini kwa mtu aliyezoea kitufe cha kuanzia pale chini kushoto, Mint anaielewa kabla hajamaliza chai. Mint 22, iliyotoka mwaka 2024, inaendelea kupata masasisho mpaka mwaka 2029. Na kama ndani bado kuna diski ya kuzunguka, mshauri anunue SSD, diski isiyozunguka, hata ndogo. Hakuna programu nyepesi inayoweza kufanya kazi ambayo SSD inaifanya kwenye mashine ya zamani.

Kuna kosa la kwanza ambalo karibu kila anayeanza analifanya, nalo linatokea kabla hata flashi haijachomekwa. Faili la Mint lina ukubwa wa karibu GB 3. Unalipakua kwa bando la usiku, mtandao unakatika, unaendelea, unakatika tena. Asubuhi faili lipo, ukubwa unaonekana sawa. Unalichoma kwenye flashi, unaanza kusakinisha, likifika katikati linagoma na ujumbe wa ajabu. Unalaumu mashine, unabadilisha flashi, unabadilisha RAM, siku inaisha. Kumbe faili lilifika limevunjika.

Dawa yake ni mstari mmoja. Ukiwa kwenye Linux, fungua taminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika `sha256sum` kisha jina la faili. Itakutolea msururu wa herufi na tarakimu 64. Tovuti ya Mint nayo imeandika msururu wa faili halali. Linganisha. Herufi moja ikitofautiana, faili hilo si lile, lipakue upya. Ukiwa kwenye Windows, andika `certutil -hashfile`, jina la faili, na mwishoni `SHA256`. Kazi ya dakika moja, na ukishapata faili zima ligawane na wenzako kwa flashi. Leseni inaruhusu, na bando ni ghali.

Ukishawasha kwa flashi, usikimbilie kusakinisha. Mint inawaka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mteja. Tumia nafasi hiyo. Waifai inaona mitandao? Sauti inatoka? Kamera? Funika kifuniko, mashine ilale, kisha ifungue: inaamka? Mwite mwenye mali abofye mwenyewe. Tatizo ukilijua hapo ni taarifa. Ukilijua baada ya kufuta diski ni kesi.

Na kabla ya ule ukurasa wa kuchagua diski, simama. Lile chaguo la kwanza, la kufuta diski yote na kuweka Mint, linamaanisha kile linachosema. Muulize mteja kwa sauti: vitu vyako viko wapi kwingine? Akisema viko humu humu tu, basi kazi ya kwanza ni kunakili. Chomeka diski ya nje, fungua ile ya ndani ukiwa bado kwenye flashi, kopi nyaraka, picha, hata zile za kwenye desktopu ambazo watu hudhani hazihesabiki. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Bila huo hakuna fundi duniani atakayeifungua, kwa hiyo uutafute kabla, kwenye akaunti ya Microsoft ya mteja mara nyingi ndiko ulipo.

Wengine mtafika kwenye ukurasa ule na kuambiwa hakuna diski kabisa. Msiifungue mashine kwa bisibisi bado. Ingieni kwenye baiosi, ile mipangilio inayofunguka kabla mfumo haujawaka, tafuteni namna diski ilivyowekwa. Mara nyingi imewekwa kwenye RAID au Intel RST, na kisakinishi kinataka namna nyingine, AHCI. Lakini angalizo: kama Windows bado inahitajika kwenye mashine hiyo, ukibadili kienyeji tu, Windows itagoma kuwaka. Ipangeni kwanza Windows ili ikiwashwa tena iwake kwenye hali ya usalama, yaani Safe Mode, ndipo mbadili na kuiwasha humo mara moja.

Nimesema vya usakinishaji kwa ufupi kwa sababu siku hizi usakinishaji ni rahisi. Kazi yetu iko baada ya hapo, mfumo ukianza kusumbua. Hapo ndipo maandishi meupe yanapokuja.

Umeme wetu mnaujua. Shule ina kompyuta kumi na mbili za mezani, hakuna UPS, ile betri ya akiba, hata moja. Umeme unakatika saa tano asubuhi, unarudi baada ya dakika kumi, mwalimu anabonyeza kitufe, na badala ya Mint anapata kioo cheusi chenye mistari michache na mwishoni neno `(initramfs)` likifuatiwa na mstari unaomemeteka. Nimepigiwa simu kwa hali hii mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Na karibu kila mara simu inaanza hivi: "Fundi, Linux imekufa."

Haijafa. Naomba tuusome ule mstari pamoja, herufi kwa herufi, kwa sababu ndani yake kuna kila kitu. Unasema hivi: `/dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY`. Mwanzoni ni jina la mahali penye ugonjwa: diski ya kwanza, sehemu ya pili. Katikati ni ugonjwa wenyewe: mambo hayalingani, kitu kimekutwa pasipotarajiwa. Mwishoni ni dawa: endesha `fsck`, programu ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa faili, kwa mkono wako. Mahali, ugonjwa na dawa, vyote kwenye mstari mmoja. Daktari gani anakupa hivyo?

Nieleze kilichotokea ndani. Faili zako zimepangwa kwa utaratibu unaoitwa ext4, na ext4 ina daftari lake la kumbukumbu. Kabla haijahamisha vitu kwenye mpangilio wake, inaandika kwanza daftarini: nataka kufanya hivi. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka inasoma daftari, inamalizia au inafuta kilichobaki nusu. Mara nyingi inafanya hivyo kimya kimya na wewe hujui. Lakini ikikuta hitilafu ambayo kuirekebisha kunahitaji uamuzi, inakataa kuamua peke yake. Inasimama, inakuita. Ule mstari unaomemeteka ni mfumo unakusubiri wewe, mwenye mali, utoe ruhusa.

Basi andika `fsck /dev/sda2`, ukitaja jina lile lile lililoandikwa kwenye kioo chako. Kwako inaweza kuwa `sda1` au `nvme0n1p2`, usiige langu. Itakuuliza kila kosa, nawe unajibu kwa `y`. Ukiona ni mengi, sitisha uandike `fsck -y` na jina hilo, ijijibu yenyewe. Ikimaliza andika `exit` au `reboot`. Kwenye shule ile, mashine tatu zilizosimama hivyo ziliwaka zote, na mwalimu aliyenipigia ndiye aliyeziandikia amri, mimi niko kwenye simu namsomea.

Hapa nawaomba umakini kidogo zaidi, hasa vijana. Hali hii ikitokea baada ya umeme kukatika, sababu unayo. Ikitokea bila umeme kukatika, au ikirudi wiki ijayo, kisha wiki inayofuata, diski yenyewe inaoza. Hapo `fsck` inaweza kuharibu zaidi, kwa sababu inapanga upya vitu juu ya sakafu inayoporomoka. Washa kwa flashi, usianze na kutengeneza, anza na kunakili vitu vya mteja. Kisha muulize diski hali yake: `sudo smartctl -a /dev/sda`. Shuka mpaka uone `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`, mtazame namba ya mwisho ya kila mstari. Ya kwanza ni vipande vilivyokufa vikabadilishiwa nafasi, ya pili ni vile vinavyosubiri hukumu. Sifuri ni heri. Namba inayopanda kila ukipima ni diski inayoaga, na mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie mteja siku hiyo hiyo.

Umeme una mtego mwingine. Unakatika wakati mashine inasasisha. Ukirudi, kila ukitaka kusakinisha kitu inakukatalia: `dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem`. Mnaona? Imeandika amri yenyewe, imeifungia na alama za nukuu ili usikosee. Unanakili, unabandika, unaweka neno la siri, inamalizia pale ilipoachia. Ikibaki na malalamiko ongeza `sudo apt --fix-broken install`. Nimeletewa mashine yenye ujumbe huu huu ambayo ilishafutwa na kupigwa mfumo upya mara mbili mahali pengine. Mara mbili, na jibu lilikuwa limeandikwa pale.

Nataka niwape na kisa cha saa, kwa sababu kinaonyesha kusoma si maneno tu, hata namba husomwa.

Duka moja la vifaa vya ujenzi lilikuwa na kompyuta yenye mifumo miwili, Mint ya kazi za kila siku na Windows kwa ajili ya programu ya stoo. Tatizo: risiti zilikuwa zinatoka na saa ya uongo. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi, lakini kuna risiti zimeandikwa saa kumi na moja alfajiri. Mwenye duka alianza kumshuku keshia wake, binti wa watu, kwamba anaingia usiku. Betri ile ndogo ya ubao ilibadilishwa, CR2032 mpya. Ikabadilishwa tena.

Nilimwomba mwenye duka risiti tano. Nikaandika pembeni ya kila moja saa ya kweli kwa kadiri walivyokumbuka. Saa nne kasoro, risiti inasema saa moja kasoro. Saa saba, inasema saa nne. Tofauti ni saa tatu, kila risiti, haizidi wala haipungui. Betri iliyokufa haina adabu hiyo. Yenyewe inakurudisha mwaka mwingine kabisa. Na sisi huku Afrika Mashariki tuko mbele ya saa ya Greenwich kwa saa ngapi? Tatu.

Linux huiwekea saa ya ubao majira ya Greenwich, kisha inaongeza tatu inapokuonyesha. Windows inachukulia saa ya ubao ni ya hapa hapa. Kwa hiyo kila Mint ilipozimwa ikaacha saa ya Greenwich ubaoni, Windows ikiamka inaamini kwamba hiyo ndiyo saa ya Tanga. Niliingia Mint nikaandika `timedatectl set-local-rtc 1`, mifumo yote ikakubaliana. Yule binti yupo kazini mpaka leo. Kila nikipita ananisalimia, nami nakumbuka kwamba mtu alikuwa karibu kupoteza mkate wake kwa sababu ya saa tatu ambazo hakuna aliyezihesabu.

La waifai nitalisema kwa sababu najua wengi wenu limewakatisha tamaa. Umemaliza kusakinisha, kila kitu kinang'aa, waifai hakuna. Kadi nyingi za waifai za Broadcom zinahitaji draiva, yaani programu ya kuiongoza kadi, ambayo haiwezi kuwekwa wazi kama sehemu nyingine za mfumo, na ili kuipakua unahitaji intaneti, na intaneti ndiyo huna. Chukua simu yako ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya simu uwashe kugawa intaneti kwa USB. Laptopu itaiona simu kama vile umechomeka waya wa mtandao. Fungua kidhibiti cha draiva cha Mint, chagua iliyopendekezwa, subiri.

Na hapa ndipo wengi huanguka hatua ya mwisho. Kama Secure Boot, kinga inayokataa programu zisizotiwa saini wakati wa kuwaka, imewashwa, utaombwa utunge neno la siri. Utalitunga bila kufikiri, utawasha upya, na kitatokea kioo cha bluu kinachotaja MOK. Mtu anashtuka, anadhani ameharibu, anabonyeza kuendelea. Mashine inawaka, waifai bado haipo, na anaapa Linux haifai. Kile kioo kinakuuliza tu: hii draiva mpya imetiwa saini na mgeni, unamtambua? Hakisubiri muda mrefu, kwa hiyo uwe macho. Bonyeza kitufe chochote kiingie, chagua `Enroll MOK`, endelea, kubali, andika lile neno la siri ulilolitunga. Ndiyo maana nasema liandike kwenye karatasi.

Walimu wenye maabara, nina neno lenu moja. Msisasishe kila kompyuta kwa bando lake. Wekeni `apt-cacher-ng` kwenye mashine moja, nyingine zote zielekezwe kwake. Kifurushi kinashuka kutoka intaneti mara moja, kinakaa pale, wengine wanakichukua humo ndani kwa waya. Sasisho la MB 500 kwa mashine kumi na mbili lingekula GB 6; hivi linakula zile MB 500 tu. Na kila mashine iwekeeni Timeshift tangu siku ya kwanza, ipige picha ya mfumo kila wiki. Mwanafunzi akivuruga, mnarudi wiki iliyopita kwa robo saa. Ila Timeshift kwa kawaida hulinda mfumo, hailindi nyaraka. Nyaraka zinataka nakala yake mahali pengine.

Lazima niseme na upande mwingine, maana mteja akidanganywa mara moja harudi. Ziko kazi ambazo sitamhamisha mtu. Mhasibu ambaye programu yake inakaa Windows tu, mchoraji wa ramani za nyumba mwenye faili za miaka kumi za AutoCAD, hao nawaambia ukweli: bakini, au tuweke mifumo miwili. Printa pia muulizeni mtu anayo ipi kabla hamjamwahidi. Mpya za kisasa nyingi hukubali bila draiva yoyote. Baadhi ya zile za bei nafuu za zamani zitakusumbua wiki nzima. Bora kusema hapana mapema.

Sasa narudi kwenye maandishi meupe. Tatizo letu kubwa, naamini, si ufundi, ni lugha. Fundi wetu ana mikono mizuri, anabadilisha kioo cha laptopu kwa nusu saa, lakini Kiingereza cha kwenye kioo kinamfunga mdomo, na mtu hapendi kuonekana hajui mbele ya mteja. Nalielewa hilo kwa sababu nilipitia. Miaka ya 2000 katikati, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuileta Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi ikisema Kiswahili: hariri, hifadhi, chapisha. Iliwezekana kwa sababu chanzo kilikuwa wazi, hawakuhitaji kumpigia magoti mtu. Kazi ile haikupaswa kukomea pale, na hatuhitaji kungoja chuo kikuu ili tuiendeleze sisi.

Mimi nina madaftari manne. Yale ya kaunta, marefu, yenye mistari. Kila ujumbe mgeni nauandika jinsi ulivyo, herufi kwa herufi, bila kufupisha. Chini yake naandika kwa Kiswahili unasema nini. Chini yake, nilifanya nini, na kama ilipona. Mashine yenyewe ina daftari pia: andikeni `journalctl -b -1 -p err`, mtaona makosa ya mara ya mwisho ilipowaka kabla ya hii, yamepangwa kwa saa na dakika. Nachukua mistari ya humo, naihamishia kwangu. Baada ya mwaka mmoja niligundua kwamba maneno yanayojirudia si mengi. Sehemu haijapatikana. Ruhusa imekataliwa. Nafasi imejaa. Muda umepita. Mfumo umekatizwa. Ukiyajua maneno thelathini hivi ya Kiingereza cha kioo, unasoma sehemu kubwa ya vilio vya mashine, na hayo thelathini mwanafunzi wangu wa mwisho aliyajua kwa wiki mbili, kijana aliyeishia darasa la saba.

Ninachowaomba ni tuyaunganishe madaftari yetu. Fundi wa Korogwe akikutana na kitu, fundi wa Pangani asianze upya. Nimeleta nakala za daftari langu la kwanza, ziko pale mlangoni, chukueni, sahihisheni nilipokosea, ongezeni ya kwenu kwenye kurasa nyeupe nilizoziacha nyuma.

Muda tuliobaki nao tuutumie kwa mikono. Dada wa mstari wa pili ameniambia kabla hatujaanza kwamba ameleta laptopu ya baba yake, nayo inaishia kwenye maandishi, na kwamba fundi wa mtaani kwao alishamtajia bei ya kupiga upya. Usiizime, dada. Ilete hapa mbele, tuchomeke chaja kwanza. Mwenye kalamu aandike mstari wa kwanza, wewe utusomee kwa sauti.